Misitu imeongezeka, mbona chemchemi imepungua? Tuelewane kuhusu namba za mazingira

Baba mdogo wangu yuko Mufindi, ana vinyungu viwili, yale mashamba madogo ya bondeni yenye unyevu, kiangazi analima kabichi na mahindi ya kuchoma, na wiki mbili zilizopita alinipigia simu akiwa amechukia kabisa. Alikuwa ametoka kwenye mkutano wa kijiji, kuna mtaalamu alisimama akasema eneo lenye miti pale kwao limeongezeka ukilinganisha na miaka ya nyuma kwa hiyo hali ya mazingira ni nzuri, watu wakapiga makofi, mkutano ukafungwa. Yeye wakati anarudi nyumbani akapitia kwenye chemchemi ambayo ndio inanyweshea vinyungu vyake, maji yanatoka kama uzi. "Sasa mwanangu," akaniuliza, "nani muongo hapa, yule mtaalamu au chemchemi?"

Nilimjibu hakuna muongo, wote wawili wamesema kweli ila kila mmoja kajibu swali lake. Hakuridhika, na mimi nilivyokata simu nikaona kweli sijamtendea haki, maana swali lake nalisikia kila sehemu, sokoni Mwanjelwa, kwenye Coaster za Makambako, kwenye magrupu ya WhatsApp. Redioni wanasema nchi imepiga hatua kwenye mazingira, mtu anaangalia mto wa kwao anaona mchanga na taka, basi anaamua kwamba namba zote ni za kisiasa. Mi sikubaliani na hilo. Namba nyingi ni za kweli kabisa, shida ni kwamba hatuambiwi zimepima nini, na sisi wenyewe hatuulizi.

Tuanze na neno lenyewe, kiashiria. Kiashiria ni kitu kimoja unachokipima ili kikuonyeshe hali ya kitu kikubwa ambacho huwezi kukipima chote. Kila mama anakijua hata kama hajawahi kuliita hivyo, ni ile kadi ya kliniki ya mtoto. Nesi anamning'iniza mtoto kwenye mizani, anasoma kilo, anaweka nukta kwenye kadi, mwezi ujao nukta nyingine, anaunganisha mstari. Sasa kilo sio afya, mtoto anaweza kuwa na kilo nzuri na bado ana malaria, lakini nesi hawezi kupima kila kitu ndani ya mtoto kwa hiyo anapima uzito, na mstari ukilala miezi mitatu anashtuka anaanza kumuuliza mama maswali. Angalia vizuri yule nesi anafanya nini: anatumia mizani ileile, anapima mara kwa mara, analinganisha na huko nyuma, na namba inamfanya aulize, haimpi jibu lote. Anayeelewa kadi ya kliniki ameshaelewa nusu ya habari ya viashiria vya mazingira vya nchi nzima.

Nusu nyingine ni kwamba namba za mazingira ziko za aina tatu, na hapa ndipo watu wengi wanapopotezana, viongozi kwa wananchi. Kuna namba za mzigo, yaani kile tunachoibebesha ardhi na mito na hewa: magunia mangapi ya mkaa yanatoka Chunya, hekta ngapi za mpunga zinamwagiliwa Usangu. Kuna namba za hali, yaani mazingira yenyewe yakoje leo: maji kiasi gani mtoni, udongo una rutuba gani, hewa ina vumbi kiasi gani. Alafu kuna namba za hatua, yaani sisi tumefanya nini: sheria ngapi, miche mingapi, vibali vingapi vya maji. Wataalamu wana majina yao, wanasema shinikizo, hali na mwitikio, na huu mpangilio ulienea duniani miaka ya 90 kupitia shirika la OECD la zile nchi tajiri. Mi ntatumia mzigo, hali na hatua, inatosha.

Chukua Mto Ruaha Mkuu ambao watu wa kwetu tunaujua vizuri. Maji yanashuka kutoka milima ya huku juu kwa Chimala, Kimani, Mbarali, yanafika bonde la Usangu, yanaingia kwenye ardhioevu ya Ihefu, yanatokea pale kwenye miamba ya Ng'iriama, yanapita Hifadhi ya Ruaha mpaka bwawa la umeme la Mtera alafu la Kidatu na mwisho mto Rufiji. Ule mto zamani ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Kuanzia mwaka 1993 ukaanza kukatika kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wanabaki wamerundikana kwenye madimbwi. Pale Msembe, makao makuu ya hifadhi, kuna kituo cha kupima maji, na kutoka pale unapata kiashiria kimoja ambacho kwangu mimi ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona nchi hii: mwaka huu mto umekatika siku ngapi? Basi. Sio asilimia, sio wastani, ni siku. Mtu yeyote anaelewa, mtoto wa darasa la nne anaelewa, na huwezi kuipamba.

Sasa weka zile aina tatu hapo. Mzigo ni mifereji ya mpunga, na ng'ombe walioingia Ihefu kwa wingi. Hali ni hizo siku za kukatika. Hatua ziko nyingi, mwaka 2006 mpaka 2007 wafugaji wakaondolewa Ihefu kwa operesheni kubwa iliyoumiza watu wengi, mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Ukihesabu hatua utasema kazi kubwa imefanyika. Lakini mto uliendelea kukatika kiangazi baada ya hapo, maana mifereji iliendelea kuchukua maji juu. Ndio maana nasema mtu akikupa namba ya hatua kama jibu la swali la hali, msimamishe kwanza. Hakudanganyi, ila hajajibu.

Na hili la hatua linaonekana zaidi kwenye upandaji miti. Agizo ni kila halmashauri ipande miti milioni moja na nusu kwa mwaka, na kila mwaka tunasikia wilaya flani imevuka lengo. Nafurahi kabisa watu wakipanda miti. Ila "miche iliyopandwa" inapima mikono yetu, haipimi msitu. Mche unapandwa mwezi wa kwanza unaonyeshwa kwenye taarifa ya habari, mwezi wa sita baridi na upepo wa Makete unaupiga, mwezi wa tisa ukame, mwezi wa kumi moto wa kuandaa mashamba, mwaka ujao shimo lilelile linapandwa mche mwingine na unahesabiwa tena. Namba ninayoitaka mimi ni miche iliyo hai baada ya miaka mitatu, na hiyo ni namba ya gharama kidogo kuipata kwa sababu inabidi mtu arudi akahesabu wakati kamera zimeshaondoka.

Nirudi kwa baba mdogo na msitu wake sasa. Msitu ni nini? Unaweza kuona swali la kipuuzi lakini kila kitu kinategemea hapo. Kwa tafsiri ambayo Tanzania inatumia kwenye hesabu zake, msitu ni eneo la kuanzia nusu hekta, miti inaweza kufikia mita 3 kwenda juu, na vivuli vyake vinafunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Asilimia kumi! Yaani msitu wa miombo ambao jua linafika chini unaingia, msitu mzito wa Mlima Rungwe unaingia, na shamba la paini la Sao Hill nalo likishakua linaingia, na milingoti, yaani mikaratusi, ya jirani yake baba mdogo kama imefika nusu hekta nayo inaingia. Wote wanahesabiwa kwa kalamu moja. Kwa hiyo Mufindi na Njombe ambako miaka hii kila mwenye ekari mbili anapanda miti ya mbao na nguzo, eneo la miti likipanda ni kweli tupu. Yule mtaalamu kasema kweli.

Lakini mlingoti unakua haraka na unakunywa sana, ukiupanda karibu na chemchemi maji yanapungua, ndio maana halmashauri za kwetu zimekuwa zikihimiza milingoti iondolewe kwenye vyanzo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kwa hiyo inawezekana kabisa kiashiria kimoja kikapanda na kingine kikashuka kwa sababu ileile moja. Miti imeongezeka, na maji yamepungua kwa ajili ya aina ya miti na mahali ilipopandwa. Nasema inawezekana, kwa sababu inaweza pia kuwa mvua zimepungua, au kuna watu wamefungua vinyungu vingine juu yake wanachepusha maji. Kiashiria kinakuonyesha mahali pa kuchimba, hakichimbi.

Kama unataka kujua msitu wa asili unaendeleaje usihesabu miti peke yake. Mwaka 2003 watafiti walimkuta kule Rungwe nyani ambaye sayansi ilikuwa haimjui, kipunji, na alipotangazwa mwaka 2005 dunia nzima ilishangaa, ingawa wazee wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja siku zote. Kipunji haishi kwenye paini. Anataka msitu wa asili, mzito, uliounganika. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta kama wanyama 1,117 tu. Idadi ya kipunji ikishuka wakati hekta za misitu mkoani zinapanda, hapo unajua kuna msitu unapotea na mwingine wa aina tofauti unaongezeka juu ya karatasi.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao nimeusikia tangu mgao wa umeme wa mwaka 2006 na kila ukame ukija unarudi. Magazeti yanaandika kina cha maji Mtera kimeshuka mpaka mita 690, mtu anasoma anasema hawa watu vipi, mita 690 zote hizo alafu hamna umeme? Ile 690 sio kina. Ni urefu wa uso wa maji kutoka usawa wa bahari. Bwawa likijaa uso unakuwa mita 698.5, na 690 ndio chini kabisa pa kuendeshea mitambo, kwa hiyo maji ya kazi yote yako kwenye zile mita nane na nusu za juu. Ni kama mtu akuambie kichwa chako kiko mita 1,700 kwa sababu umesimama Mbeya mjini, ni kweli lakini haijakuambia una urefu gani. Alafu hata hiyo mita ukiielewa, Mtera haikuonyeshi Ruaha Mkuu peke yake, bwawa linapokea mito mingine pia kama Kisigo na Ruaha Mdogo, linapoteza maji kwa jua, na linashuka kutokana na maji yanayofunguliwa kwenda kuzalisha umeme. Bwawa likishuka huwezi kumnyooshea kidole mkulima wa Mbarali kabla hujauliza wenye funguo wamefungulia kiasi gani. Jambo hili limewahi kusababisha lawama nyingi zisizo za haki, na linaniuma.

Sasa lumbesa. Wakulima wa viazi wa Uyole na Njombe mnaijua vizuri, gunia ni moja kwa jina lakini moja limefungwa sawa na jingine lina kilemba juu kama mlima, ukisema "nimeuza magunia kumi" hujaniambia kitu mpaka useme gunia gani. Namba za mazingira nazo zina lumbesa. Tathmini kubwa ya misitu ya nchi, ile ya NAFORMA iliyotoka mwaka 2015, ilisema Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, kama asilimia 55 ya ardhi, na kwamba tunapoteza hekta 372,816 kila mwaka. Baadae ikatoka hesabu nyingine, ya kipindi cha 2002 mpaka 2013, ikasema tunapoteza hekta 469,420 kwa mwaka. Mpaka leo utakuta kiongozi mmoja anataja ya kwanza na mwingine anataja ya pili, na mwandishi anaziweka pamoja anaandika ukataji umeongezeka kwa karibu hekta laki moja. Hapana jamani. Ni vipindi tofauti na njia tofauti za kuhesabu, ni gunia la kawaida na gunia la lumbesa, huwezi kutoa moja kwa nyingine ukapata jibu. Kila moja peke yake inatisha vya kutosha, haihitaji kuunganishwa.

Lumbesa nyingine ni mwaka wa kuanzia. Ukilinganisha mvua ya mwaka wowote na ule ukame wa 2005 na 2006 karibu kila mwaka utaonekana mzuri. Ukilinganisha siku za Ruaha kukatika na mwaka jana unaweza kusema tumepiga hatua, ukilinganisha na kabla ya 1993 utasema kitu kingine kabisa. Mtu akisema "imeongezeka" au "imepungua" muulize tangu lini, na kwa nini amechagua hapo.

Wakati mwingine hata kipimo cha kufaulu kinasogezwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha vumbi laini kabisa la hewani kinachokubalika, kutoka mikrogramu 10 kwenye mita moja ya ujazo ya hewa mpaka 5, wastani wa mwaka. Miji mingi iliyokuwa imefaulu ikafeli usiku mmoja na hewa yake haikubadilika hata kidogo. Hawakukosea, walipata ushahidi kwamba hata vumbi kidogo linaua, ila ukisoma kichwa cha habari bila kujua hilo utadhani moshi umeongezeka.

Na hizi orodha za dunia, nchi ya kwanza, nchi ya mwisho? Maarufu ni ile ya vyuo vikuu vya Yale na Columbia vya Marekani, wanachukua viashiria kadhaa, hewa, maji, misitu, samaki, hali ya hewa, wanavipa uzito, wanajumlisha, kila nchi inapata alama moja juu ya 100 na nafasi yake. Ni kama wastani wa mtihani. Mtoto mwenye hesabu 10 na Kiswahili 90 ana wastani wa 50, na mwenye 50 na 50 ana 50 hiyohiyo, lakini ukiwa mzazi wake huwezi kuwasaidia kwa njia moja. Mwaka 2022 Denmark ilikuwa ya kwanza na India ikawekwa ya 180, ya mwisho kabisa, serikali ya India ikazikataa hesabu ikisema njia iliyotumika haina msingi na uzito umegawanywa vibaya. Sina haja ya kuamua nani alishinda pale, ninachosema ni kwamba uzito ni uamuzi wa watu, ukiubadilisha nafasi zinabadilika na mto wako uko palepale. Alafu nafasi sio alama, unaweza kupanda kutoka wa 10 mpaka wa 7 darasani na maksi zako zimeshuka, kwa sababu wenzako watatu wameshuka zaidi.

Jambo moja ambalo liko karibu sana na jikoni zetu ni nishati safi ya kupikia. Mwezi wa tano mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Lengo zuri, na kwa mapafu ya mama zetu ni la lazima. Lakini tutapimaje? Ukipita mitaa ya Soweto pale Mbeya au Kihesa pale Iringa ukauliza "mna gesi?" nyumba nyingi zitasema tunayo, mtungi wa kilo 6 uko pale kwenye kona. Ukiuliza "jana maharage mlipikia nini?" utaambiwa mkaa. Gesi ni ya chai na mayai asubuhi watu wakiwahi kazini, maharage na makande ni jiko la mkaa, hiyo ndio hali halisi ya kaya nyingi. Kwa hiyo namba ya mitungi iliyogawiwa ni ya hatua, na hata swali la malengo ya dunia ya 2030, yale 17 ya Umoja wa Mataifa, linauliza nishati ambayo kaya inategemea zaidi, kwa hiyo lile jiko la pili la maharage halionekani vizuri. Mimi ningeuliza mkaa kilo ngapi kwa wiki. Hapo ndipo utaona kama miti ya Chunya inapumua au la.

Wapo wanaosema basi tuachane na namba, tuangalie kwa macho. Macho yetu yanasahau. Kijana aliyezaliwa Mbarali baada ya 1993 anaona mto kukatika kiangazi ni jambo la kawaida, ndivyo alivyoukuta. Ni lile daftari la Msembe ndio linalomwambia haikuwa hivyo. Na pale ambapo hakuna anayepima ndipo pabaya zaidi, kwa sababu eneo lisilo na namba kwenye ripoti linaonekana halina tatizo, ukianza kupima zebaki kwenye vijito vya wachimbaji wadogo wa dhahabu namba itapanda kutoka tupu mpaka kitu flani na watu watasema uchafuzi umeanza, kumbe ni macho ndio yamefunguka.

Jumapili nikampigia tena baba mdogo. Nikamwambia chukua dumu la lita 20, weka kipande cha bomba pale chemchemi inapotokea ili maji yote yapite hapo, tumia saa ya simu, hesabu dumu linajaa kwa muda gani. Tarehe moja ya kila mwezi, asubuhi, kabla mtu hajachepusha maji, dumu lilelile na bomba lilelile. Alafu weka kopo la mvua uwanjani mbali na paa. Aliuliza maswali mengi, kama dumu likipasuka afanyeje, kama akisafiri nani apime, nikaona huyu ameelewa kuliko mtaalamu wa mkutanoni.

Juzi mtoto wake alinitumia picha ya daftari. Mstari wa kwanza: dumu moja, dakika 3 na sekunde 40. Chini yake ameshapiga mistari ya miezi kumi na moja inayofuata, na pembeni ameongeza safu mbili ambazo sikumwambia, moja ameandika MVUA, na nyingine ameandika MILINGOTI ILIYOKATWA.